Mstari wa Chaki Kwenye Santuri

Nilam alifika kwangu Ilomba, Mbeya, Jumanne moja saa nne asubuhi, koti zito mwilini, raba nyeupe miguuni, mvi zimekatwa fupi, na mimi nimesimama mlangoni na beseni la maganda ya ndizi. Zaidi ya miaka arobaini na tano tulikuwa hatujaonana. Tangu aliponipigia simu kutoka Iringa nilikuwa nimepata siku mbili nzima za kutunga maneno mazuri ya kumpokea, lakini yeye aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili akasema, "Atu, umenenepa." Nikamjibu, "Wewe umekauka, huko Ulaya hawali?" Basi yale maneno mazuri yakafia hapo. Tulikumbatiana beseni likiwa katikati. Namba yangu alipewa na mtoto wa marehemu Fundi Kalinga, ambaye mpaka leo anashona kwenye baraza lile lile la Mlandege, mjini Iringa, mbele ya duka ambalo zamani lilikuwa la vitambaa, mali ya wazazi wa Nilam, na siku hizi linauza simu. Mimi ni Atupele, fundi cherehani mstaafu, na ufundi wangu nilijifunzia kwenye baraza hilo.

Kitu cha kwanza alichotoa kwenye begi hakikuwa zawadi. Ilikuwa santuri imefungwa kwenye kitambaa, na nikiri kwamba kitambaa nilikitambua kabla ya santuri yenyewe, tetroni ya kahawia, kipande kilichobaki cha suruali niliyoikata mimi. Akaniambia Ba amefariki, mwezi wa tatu. Ba ndiye mama yake. Wagujarati wengi humwita mama hivyo, na sisi sote barazani tulimwita hivyo hivyo. Nilianza kumpa pole, akaniinulia mkono nisubiri. "Nilikuwa nasafisha chumba chake. Nikaikuta chini ya godoro, katikati ya vioo viwili. Chini ya godoro, Atu. Kwanza aliiunguza kwenye jiko kwa sababu hakuupenda muziki wangu. Halafu akanidanganya kwamba ameitupa. Kumbe ameilalia miaka yote hii nisiipate. Mtu anamfanyia hivyo mwanawe?" Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imenyooka, karibu kabisa, na katikati ya upande wa kwanza, kutoka ukingo hadi ukingo, ulipita mstari mwembamba wa buluu. "Na hii nini? Hata hii sielewi. Wewe ulikuwepo mwaka ule. Nimekuja unisaidie kuelewa mama yangu alikuwa na shida gani na mimi, maana amekufa nikiwa bado nimemkasirikia."

Jibu nilikuwa nalo lote. Nilisema, "Ngoja nikuletee chai."

Jikoni nilisimama nikiangalia birika kama sijawahi kuliona. Sufuria ya wali wa choroko ilikuwa tayari juu ya jiko la pili, nimeupika tangu alfajiri kwa samli na bizari nyembamba, kwa sababu ndicho chakula cha kwao nilichokijua. Niliporudi na chai nikamwambia kuna wali wa choroko na mtindi. Uso wake ukabadilika. "Huo sili," akasema. "Tangu siku ile ya santuri sijala. Ba aliupika kila Jumamosi, akanipakulia kila Jumamosi, na mimi kila Jumamosi nikamwambia nimeshiba." Aliyasema hayo akikoroga chai, bila hasira hata kidogo, jambo la kawaida ya nyumbani kwao. Mimi nikakaa.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata vita vya Kagera, wakati kipande cha sabuni watu walikifungia kabatini. Habari za ukoo wangu, nani alimzaa nani, niziache, zitanichelewesha. Itoshe kusema nilikuwa na miaka kumi na tisa, kila nilichojaribu Mbeya kilikuwa kimenishinda, na mjomba akaniombea nafasi kwa Fundi Kalinga. Nilipanda lori la viazi. Tulipofika Nyololo dereva akashuka kula, nikabaki juu ya magunia nikitetemeka kwa upepo, nikiwaza kushuka na kudandia gari lolote linalorudi nyumbani. Sikushuka kwa sababu moja tu, sikuwa na uso wa kurudi nao. Nikiipita Nyololo siku hizi, natoa kichwa dirishani na kuisalimu kimoyomoyo, na abiria wenzangu wakifikiri natafuta mahindi ya kuchoma, shauri yao.

Baraza lilikuwa hivi. Ndani ya duka kulikuwa na majora ya vitambaa mpaka darini. Mteja ananunua ndani, anatoka nje, Fundi anampima kwa futi iliyofutika namba, na mimi naandika vipimo kwenye daftari. Cherehani mbili, meza ya kukatia, na jiko la mkaa la kuwashia makaa ya pasi, ambalo ndilo lililotuokoa na baridi ya Juni na Julai. Ghorofani aliishi mwenye duka na mkewe na binti yao. Fundi Kalinga alikuwa Mhehe mrefu, mpole wa sauti, asiye na upole wowote kwenye sheria. Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kitambaa hakina msamaha, ukikata umekata. Ya pili, kilicho ndani ya duka na kilicho juu ghorofani si chetu hata kikituangukia miguuni. Atakayegusa bila ruhusa, siku hiyo hiyo anarudi kwao. Na hakuwa akitishia. Msichana aliyenitangulia alirudishwa Makambako kwa kidonge kimoja cha uzi wa waridi. Nafasi yake ndiyo niliyoikalia mimi, tena kwenye kigoda chake.

Asubuhi ya kwanza mama wa Kihindi alishuka ngazi akiwa amejifunika shali, akanisogelea akasema, "Ugonile?" Nikageuka nyuma kutafuta Mnyakyusa mwenzangu aliyenisalimia. Hakuwepo. Ba alizaliwa Tukuyu, baba yake alikuwa na duka huko, na alicheza na watoto wa Kinyakyusa mpaka akawa anakijua Kinyakyusa kuliko mimi niliyekulia mjini. Mumewe hakukijua, Nilam hakukijua, Fundi hakukijua. Kwa hiyo lugha yangu ikawa chumba chetu wawili, tena chenye mlango. Akinikuta nimekosea mshono na Fundi yuko karibu, alinitahadharisha kwa Kinyakyusa huku uso umetulia kama anauliza bei ya bitana. Nilikuwa mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza, na mtu aliyenisalimia kila asubuhi kwa lugha ya mama yangu alikuwa Mhindu asiyekula hata yai. Mpaka leo sijui nimshukuruje Mungu kwa hilo.

Nilam alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, anasubiri. Anasubiri nini, hakuna aliyemwambia. Kaka yake aliyekuwa London alimtumia ile santuri imefungwa ndani ya sweta. Kwenye ganda la karatasi ngumu walisimama watu saba wamevaa suti za rangi ya chungwa, kola zimefika mabegani, nywele zimefumuka kila mmoja na duara lake. Jina la bendi sitalitaja, kwanza sikuwahi kulitamka sawasawa, Nilam alikuwa ananicheka. Kila Jumamosi saa tisa alasiri baraza likifungwa aliniita juu. Chumba chake kilikuwa na sakafu ya mbao, kuta za kijani kibichi, madirisha mawili ya mbao yaliyoangalia barabara, na harufu ya mafuta ya nazi. Pleya ilikaa juu ya kabati. Tulivua viatu ili Ba asisikie, kana kwamba mbao zile zilijua kutunza siri. Ngoma inaanza peke yake, halafu gitaa la besi linaingia taratibu, halafu vinanda vya nyuzi vinapanda, vinapanda, na mwanamume mwenye sauti nyembamba kuliko yangu anaanza kuomba.

"Anasemaje?" nilimwuliza mara ya kwanza.

"Anamwambia usiondoke."

"Anaomba hivyo wimbo mzima?"

"Ndiyo disko hiyo. Ngoja, atarudia tena."

Kweli akarudia. Mimi niliyezoea kukatazwa kila kitu nilimwonea huruma na wivu kwa pamoja, mtu mzima anaomba hadharani, tena kwa mdundo. Tulicheza tukigongana nyonga mpaka tunaanguka kitandani kwa kicheko. Saa kumi na moja Ba aligonga mlango, uso mkavu, mkononi sinia la wali wa choroko na mtindi. "Hao watu wenu wanalia njaa," alisema kwa Kiswahili, akaangalia ile pleya kama anavyoangaliwa mgeni aliyekaa sana. Halafu kwa Kinyakyusa, kwa ajili yangu tu, "Kula, mwanangu, wewe ndiye mwembamba." Nilam hakuwahi kujua mama yake anasema nini. Alidhani ananikaripia, na nadhani alinihurumia.

Sasa hiyo santuri ilishukaje barazani? Kwa ajili ya bugaluu. Enzi hizo kijana asiye na suruali ya bugaluu, ile inayopanuka kuanzia gotini kushuka chini, na viatu vya raizoni vyenye soli nene alikuwa hajazaliwa. Siku moja Nilam alishuka na lile ganda kumwonyesha Fundi kola za wale watu saba, na utingo mmoja aliyekuwa anapimwa akaliona, akaliweka juu ya mguu wake akasema, "Fundi, pindo langu liwe pana hivi." Fundi akalipima, inchi kumi na mbili. Wiki ile ile akaja mwingine, "Kama ya yule." Kabla mwezi haujaisha vijana wa Mlandege walikuwa hawataji inchi tena, walisema "nishonee santuri nzima", na mwoga, au mwenye baba mkali, alisema "santuri ndogo", kwa kipimo cha zile sahani zenye wimbo mmoja kila upande. Fundi alianza kukipenda kipimo kile. Nilam akatoa ruhusa, kwa sharti moja alilolisema mbele yetu sote: ganda linaweza kushuka, santuri yenyewe haitoki chumbani.

Mwezi wa saba Fundi alipata msiba kwao Kilolo. Kabla ya kuondoka alinikunjulia mezani tetroni ya kahawia ya mteja mmoja, mwalimu, santuri nzima, akanikabidhi mkasi mkubwa. "Nikirudi nikute umekata. Ukikata vizuri nitakufundisha makoti. Ukiharibu, hiyo tetroni haipo tena dukani, na mimi sitakuwa na la kumwambia mjomba wako." Akapanda gari. Siku mbili nilizunguka ile meza. Paja nililiweza, goti nililiweza. Tatizo lilikuwa pindo. Bugaluu la kweli halikatwi kama ubao. Mbele linapanda kidogo juu ya kiatu na nyuma linashuka kufunika kisigino, na Fundi mpindo huo aliuchora kwa jicho tu. Mimi kila nikichora lilikuwa linatoka kama mdomo wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Ganda lilikuwa la pembe nne, halikunisaidia. Nilichohitaji ni duara, duara safi, la inchi kumi na mbili. Na nilijua liko wapi.

Siku ya tatu Nilam na baba yake walikuwa bado Dodoma harusini tangu juzi yake, warudi jioni. Nilipanda ngazi nikiwa na nguo zilizopigwa pasi mkononi, kama nilivyozoea, nikashuka na santuri chini ya hizo nguo. Niliilaza juu ya tetroni. Ili ikae sawa na mstari wa pasi wa suruali, nikachora mstari juu ya santuri yenyewe kwa chaki ya buluu, ukingo hadi ukingo, bila hata kufikiri, kama unavyochora kitambaa. Nikazungusha chaki mbele, nikazungusha nyuma, nikashika mkasi, nikakata. Jamani, nilikata. Mkasi ulikwenda wenyewe. Sijawahi kukata vizuri vile kabla ya hapo, na nilisimama nikijipongeza kama mjinga, mpaka nilipoangalia ule mstari wa buluu na kukumbuka kwamba ile haikuwa kitambaa.

Mtu wa pwani pengine angeifuta akaiacha. Mimi ni mtu wa baridi. Niliisugua kwa brashi na kipande cha sabuni tulichotunziwa kwa ajili ya kuoshea kola, chaki ikajichanganya na sabuni ikaingia ndani zaidi ya ile mistari myembamba, na santuri ikabaki inachuruzika maji. Kwetu Mbeya sare ya shule iliyolowa asubuhi ya baridi unaisimamisha kando ya jiko, dakika kumi imekauka, unavaa unaondoka. Nikaisimamisha kando ya jiko. Nikageuka kukusanya vipande vya tetroni nifagie. Niliporudisha macho, ukingo wake ulikuwa umelegea na kupanda na kushuka kama sketi ya marinda.

Sikulia. Niliishika ile santuri ya moto nikabaki nayo, mikono inaungua, na hivyo ndivyo Ba alivyonikuta. Aliangalia santuri, akaangalia jiko, akaangalia meza na suruali iliyokatwa. Hakuhitaji kuambiwa, alikuwa mke wa mwenye duka miaka yote, mambo ya mafundi aliyajua. Nilipiga magoti nikamwomba kwa Kinyakyusa, maneno yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia Fundi akijua leo narudi kwenye lori. Nilimwambia nikirudi Mbeya safari hii nimekwisha. Nilimwambia, "Usimwambie Nilam, usimwambie kamwe, Ba, atanichukia." Ndiyo, nilisema kamwe.

Ba aliichukua ile santuri mikononi mwangu kama anampokonya mtoto kisu. Akaniambia, taratibu, "Wewe wakikufukuza, cherehani imekwisha. Mimi akinikasirikia, bado ni mama yake. Leo hatakula. Kesho atakula." Akachukua kipande cha tetroni kutoka kwenye mabaki, akaifunga, akapanda nayo juu.

Jioni walirudi. Nilikuwa bado nafagia baraza lililokwisha kufagiwa. Juu kwenye ngazi nilisikia sauti ya Nilam inapanda na ya Ba inabaki pale pale chini. Walisema Kigujarati, sikuelewa chochote, isipokuwa neno moja la Kiswahili ambalo Ba alilirudia mara tatu, jiko. Mlango ukafungwa kwa kishindo. Baadaye kidogo Ba akashuka na sahani ya wali wa choroko ambayo haikuguswa, mtindi pembeni, akaniwekea juu ya meza ya kukatia. Alikuwa amejipaka poda usoni lakini macho yalionekana. "Kesho," aliniambia. Nami nilikuwa na njaa, sikuwa nimeweka kitu mdomoni tangu asubuhi. Niliila sahani ya Nilam yote, nikaramba na kidole.

Fundi aliporudi aliinua ile suruali kwenye mwanga, akauzungusha mguu mmoja, halafu wa pili. "Pindo nani kakuonyesha?" Nikasema nimetumia jicho. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, na wiki hiyo akaanza kunifundisha makoti. Kutokana na makoti nikapata sare za shule, kutokana na sare nikapata nyumba hii ya Ilomba, na watoto watatu wamesoma kwa mguu wangu juu ya cherehani. Yote hayo yanaanzia kwenye ule mpindo. Kuhusu santuri, Ba alisema mbele yetu kwamba ameitupa, na mimi niliamini, na Mungu anisamehe, nilishukuru. Lakini siku moja nilimsikia anamwuliza Fundi, kama mtu anayepiga soga, kitu cha plastiki kikipinda kwa moto kinanyooshwaje. Fundi akasema, "Moto uliokipinda usiurudie, Ba. Uzito na subira." Siku chache baadaye nilimwona anapanda na vioo viwili vya dirisha. Nilidhani ni vya dirisha.

Mwaka haukuisha vizuri kwa Jumamosi zetu. Nilam alikuwa ananiita bado, lakini pleya ilikaa kimya, na Ba alipogonga na sinia, Nilam aligeukia ukutani. Mimi nilikula peke yangu nikijiambia ni hasira za kitoto, zitaisha. Desemba familia nzima ikahamia Uingereza kwa yule kaka. Siku ya kuondoka Ba alinishika uso kwa mikono yote miwili. Nilitaka kumwambia, basi, mwambie sasa, mimi tayari nimeshakuwa fundi. Gari lilikuwa linaunguruma, watu wamejaa, nikasema tu, "Ndaga fijo, Ba," ahsante sana, na lile la muhimu nikabaki nalo. Kwa hiyo ahadi niliyomfunga nayo sikuwahi kumfungulia. Aliondoka nayo.

Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni Jumanne ile, chai inapoa. Nilijua pia nitakachokipoteza. Kwa miaka yote hii ninapomfikiria Nilam nimekuwa rafiki yake wa mwaka ule, yule wa kucheza naye bila viatu. Nikifungua mdomo nitakuwa mtu aliyeila sahani yake na kumwachia mama yake lawama. Lakini nikinyamaza, Ba atabaki amelala na kosa langu chini ya mgongo wake hata huko aliko. Nilikwenda kabatini nikatoa pleya yangu, niliyoinunua kwenye mnada wa vitu vya padre aliyerudi kwao, nikaiweka santuri. Ngoma ikaanza. Besi ikaingia taratibu, kama zamani. Mkono wa pleya ulikuwa unapanda na kushuka kidogo pale ambapo uzito na subira havikumaliza kazi. Na kila santuri ilipozunguka, sindano ilipita juu ya mstari wa chaki, tik, na nusu mzunguko baadaye, tik.

"Unasikia?" Nilam akasema. "Nini hiyo?"

"Ni mimi hiyo," nikasema.

Nikamweleza. Sikupunguza kitu, nilimwambia mpaka kidole nilichoramba. Yule mwanamume alikuwa anaendelea kuomba asiachwe, tik, tik, na sikuwa na nguvu za kuinuka kumzima. Nilipofika kwenye vioo vya dirisha, Nilam alifunika mdomo. Alipata shida na jambo moja tu, akaniuliza mara mbili. "Kwa nini hakunirudishia ilipoanza kunyooka? Mwaka mmoja, miwili, kwa nini?"

"Ungeiona chaki. Umekaa juu ya lile duka miaka kumi na minane, chaki ya fundi ungeijua. Nilimwambia asiseme kamwe, naye akalishika neno langu."

Akainuka, akatoka nje bila koti. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye bustani yangu ya maharage, amenipa mgongo, mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, haya, Atupele, umeshalipata ulilokuwa unalikimbia tangu siku ile ya jiko. Upande wa kwanza ukaisha. Sindano ikabaki inakwaruza. Sikuthubutu kumfuata, mtu akimlilia mama yake hafuatwi na aliyesababisha.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alinawa uso kwenye bomba la uani, akaingia huku maji yanamchuruzika shingoni, akakaa pale pale alipokuwa. Nilijiandaa kwa lolote. Aliivuta santuri kutoka kwenye pleya, akapitisha kidole juu ya mstari wa buluu, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Siku ile," akasema, "alikwambia nitakula lini?"

"Kesho."

Akaikunja ile tetroni ya kahawia vizuri, mara nne, akaiweka mapajani.

"Basi kesho yenyewe ndiyo leo. Nipakulie."

Nikampakulia, na mtindi pembeni, kama alivyokuwa anauweka mama yake.